Mazoezi ya taarab Mji Mkongwe, nendeni na watoto

Nimerudi sasa hivi toka mazoezi ya taarab kwenye klabu moja ya huku Mji Mkongwe, naandika kabla sijalala maana wengi wanadhani taarab Unguja imebaki ya harusi na mahoteli. Hapana jamani. Vikundi vipo, Ikhwan Safaa tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958, na hii niliyokwenda mie mlango uko wazi, hamna tiketi, unapiga hodi unaingia unakaa.

Waliniambia saa mbili usiku, ikaanza tatu kasoro. Lakini ule muda wa kusubiri ndo niliufaidi zaidi, mzee wa ganuni, kile chombo cha nyuzi kinachopigwa kimelazwa, kainama sikio karibu ligusane na ubao, mkono mmoja ufunguo wa kukazia, mwengine anagonga uzi kwa kile kipande kilichobanwa na pete kwenye kidole cha shahada, na ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, yaani moja ikilegea anarudi tena nyuma. Hamna aliemharakisha.

Nilikwenda na mpwa wangu, ana miaka 11, anajifunza fidla. Mwaka jana nilimpeleka sehemu nyengine akagusa ngoma ya dumbaki akafokewa mbele za watu, njia nzima hakusema kitu na fidla akaiacha miezi. Leo mzee mmoja wa fidla kamuona na kimkoba chake, akasogeza kiti mwenyewe, akamwambia "Njoo mjukuu wangu kaa hapa, ukipotea nyamaza kidogo kisha ingia tena, sie tuko wengi hapa hamna atakaekusikia." Wakaanza bashraf, ule muziki wa vyombo vitupu bila kuimba, mtoto akapotea kweli, akanyamaza, akaingia tena. Mie huku machozi yananilenga.

Kulikua na wageni wawili wa kizungu nyuma hawajui wafanye nini, watu wanainuka kumtunza muimbaji pesa wao wamekaa tu. Bi mkubwa mmoja akamshika mkono yule dada akampa noti yake, wakaenda mbele pole pole kwa mwendo wa ngoma mpaka kwa muimbaji. Basi yule dada baada ya hapo hakukaa tena chini.

Hivi ndo inavyotakiwa na ndo ilivyokua toka zamani. Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab, alikuja mjini kutoka Fumba akiuza vyungu, wakapatikana watu wakamkalisha wakamfundisha, na 1928 akafika Bombay kurekodi. Angefukuzwa mlangoni tungekua na nini leo?

Sasa yalonikera. Nje hamna kibao wala taa, nimepita mlangoni mara mbili mpaka muuza kahawa akanionesha. Na spika, chumba kidogo vile maiki ya nini? Muimbaji anaumiza masikio halafu udi husikii kabisa na yule kijana wa udi anapiga vizuri mno, nilimsikia pale umeme ulipokatika dakika kama tano wakaendelea gizani, wallahi ndo ilikua sehemu tamu ya usiku mzima.

Nyota nne, ya tano wakizima spika. Kuleni Forodhani kwanza maana ndani hamna hata maji ya kuuza. Mpwa wangu kalala kwenye gari na fidla mapajani, ila kabla hajalala kashaniagiza uzi mpya, ule mwembamba umekatika leo.