TAHADHARI: Anayeuza bango la Mercedes ya Monaco "1936" ni tapeli

Jamani, msomeni huyu mtu kabla hajawafikia. Nimepigwa, nina hasira na nina aibu, lakini nikinyamaza mwingine atalizwa kesho.

Ni lile bango la zamani la mbio za magari za Monaco, lenye Mercedes. Mnajua nilivyolisaka, sina haja ya kurudia. Alinifuata mwenyewe kwenye ujumbe binafsi, kwa adabu zote, akasema analo la Monaco Grand Prix ya 1936. Si lile rasmi lililochorwa na Géo Ham, eti ni dogo, la kubandikwa madirishani mwa hoteli, na mengi ya aina hiyo yalichanwa mbio zilipokwisha. Ndiyo maana, akasema, sitalikuta kwenye kitabu chochote.

Na asije mtu hapa kuniuliza kwa nini nilimwamini. Huyu si mbabaishaji, mambo anayajua. Alinisimulia ile siku ya 13 Aprili 1936 yote: mvua, mafuta ya Alfa Romeo ya dereva Tadini yakamwagika njiani, magari yakagongana mwanzoni tu mwa mbio, na dereva Rudolf Caracciola akatoka salama na Mercedes W25 yake, gari la mbio, mpaka ushindi. Yote ni kweli. Gari nayo anaijua: silinda nane za mstari mmoja, supachaja (pampu ya kusukumia hewa kwenye injini), kikomo cha uzito cha kilo 750 kilichowekwa na kanuni za mbio. Ningemshuku vipi mtu anayeongea hivyo? Hata bei haikuwa ya kutupa, ilikuwa bei ya mtu anayejua thamani ya alichonacho.

Tukaongea kwa video. Kavaa glavu nyeupe za pamba, bango liko ndani ya fremu, anasogeza kamera polepole: pua ya gari rangi ya fedha, matundu ya hewa, gurudumu la mbele limejaa matope, mistari ya mikunjo ya zamani inakatiza katikati. Nikamwomba anionyeshe ukingo wa chini kwenye maandishi. Akasema fremu imeufunika, karatasi imechoka, hathubutu kuifungua bila fundi wa kuhifadhi karatasi. Mtu anayejali karatasi husema hivyohivyo! Nikatuma pesa.

Likafika limeviringishwa ndani ya bomba, bila fremu. Nikalikunjua kuanzia juu. Gari likatokea, zuri kweli, moyo ukanidunda. Nikaendelea kulikunjua hadi chini, nikasoma: 23 Avril 1933.

1933! Mercedes W25, Monaco, mwaka 1933! Gari hilo lilishindana kwa mara ya kwanza Juni 1934 kule Nürburgring, uwanja wa mbio wa Ujerumani, dereva Manfred von Brauchitsch akashinda nalo. Monaco halikukanyaga mpaka 1935, na siku hiyo ushindi ulikuwa wa Luigi Fagioli. Caracciola mwenyewe mwaka 1933 alikuja na Alfa Romeo, akagonga ukuta mazoezini akavunjika paja, mbio zenyewe hakukimbia. Aliyeshinda ni Achille Varzi, akiendesha Bugatti. Yaani mtu kakaa kwenye kompyuta, kachukua gari huku na tarehe kule, kabandika pamoja.

Nikapitisha kidole kwenye ile mikunjo. Hakuna mkunjo. Karatasi ni laini kama kioo, mistari yote ni wino. Umechapishwa uchakavu! Nilitaka kulia.

Nilipompigia akaniambia, bila kupepesa, kwamba mchoraji wa zamani "alikosea mwaka". Mchoraji wa 1933 angechoraje gari ambalo halijaundwa? Bango huchapishwa kabla ya mbio ili liwaite watu, halichapishwi kwa kuota. Akakata simu, akanifungia.

Huyu mtu afungiwe kila soko la mtandaoni. Si onyo, si kusimamishwa wiki mbili: afungiwe, na akamatwe. Polisi wameshapata taarifa yangu na benki nayo, sitaacha mpaka arudishe hela yote na asimame mbele ya hakimu. Watu wanajinyima miaka kwa ajili ya karatasi moja, halafu mwizi anachapa takataka na kuiuza kwa simulizi za Caracciola! Na wanaomtetea kwamba "labda naye aliuziwa", hivi aliyeuziwa huficha tarehe kwa fremu?

Haya, kwa anayetaka kujikinga. Alinishawishi nilipe moja kwa moja benki, nje ya soko, eti tukwepe makato. Hapo ndipo kila kitu huanza. Pia weka lensi: hili langu ni vidoti vidogo vilivyojipanga, uchapaji wa ofseti, ule wa mashine za kisasa, wakati litografia ya enzi zile, yaani uchapaji wa kutoka kwenye jiwe au bamba lililochorwa, rangi yake ni ya chembechembe zisizo na mpangilio. Tochi ya kukagulia noti (ya mwanga wa urujuanimno) ilifanya karatasi ing'ae buluu, na karatasi ya kabla ya vita haing'ai hivyo. Limebandikwa kitambaa nyuma pia, usione mgongo wake. Kitambaa peke yake si ushahidi, hata ya halali hubandikwa.

Ameshalitangaza tena jana kwa jina jipya la akaunti, picha zilezile, ukingo wa chini umefunikwa vilevile. Kama amekufuata, usimwambie umeshajua. Hifadhi mazungumzo na namba ya akaunti ya benki, nitumie leo niongeze kwenye jalada la polisi.