Kebo za Sauti: Zipi Zinastahili Pesa Yako, Zipi Uziruke

Kebo inaharibu sauti ikiwa nyembamba mno, ndefu mno, haina kinga, au pini zake zimelegea. Isipokuwa na kasoro hizo, kinachozidi kupanda ni bei tu. Kwa hiyo nimezipanga kuanzia pale ambapo pesa yako itasikika.

1. Waya mnene wa spika, shaba tupu

Anzia hapa. Spika nyingi zina ukinzani (uzuiaji wa umeme, unaopimwa kwa omu) wa omu 4 hadi 8, kiwango kidogo sana, hivyo hata nusu omu iliyojificha kwenye waya inaleta madhara. Chukua waya wa milimita za mraba 0.5 wenye urefu wa mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 20 za shaba, na ukinzani wake unakaribia omu 0.7. Kwa spika ya omu 4, takriban asilimia 15 ya volti inaishia njiani. Tena haipungui sawasawa: ukinzani wa spika hupanda na kushuka kulingana na noti, basi noti nyingine zinafifia kuliko nyingine. Ukiweka waya wa milimita za mraba 2.5, ukinzani unashuka hadi omu 0.14 hivi. Kwa mita chache, 1.5 inatosha kabisa.

Tatizo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Kwa nje inang'aa wekundu uleule, na ganda nene la plastiki linaufanya waya uonekane wa maana. Upime mkononi: ni mwepesi kuliko unavyotarajia. Kisha kwangua unyuzi mmoja kwa wembe. Ukiwa mweupe ndani, ni aluminiamu. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, usiukatae, hiyo ni shaba iliyopakwa bati. "Shaba isiyo na oksijeni" nayo inapitisha umeme vizuri kuliko shaba ya kawaida kwa takriban asilimia 1 tu. Waya wa kawaida ulio mnene kidogo zaidi unaishinda.

2. Kebo ya XLR (yenye kichwa cha pini tatu) ya maiki

Ndani yake nyaya mbili zinabeba sauti ileile kwa mielekeo kinyume, hivyo muungurumo unaoingia njiani unafutwa mwishoni. Ndiyo maana inaenda makumi ya mita bila shida. Nunua yenye kichwa kinachofunguka, kwa sababu mara nyingi hukatikia kwenye maungio, na fundi ataiunga upya.

3. Kebo ya gitaa

Hapa anayedai kusikia tofauti, mwamini. Pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi za gitaa) isiyotumia betri huathiriwa na kapasitansi ya kebo, yaani uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi. Pikofaradi 100 kwa kila mita ni kawaida. Ukifika mita 10, ule ukali wa nyuzi nyembamba unaanza kuzimika. Nunua fupi kadiri unavyoweza.

4. Kebo ya RCA (ya kuunganisha redio, TV na amplifaya)

Tafuta pini zinazobana na wavu mzito wa kinga. Dhahabu iliyopakwa kwenye pini haishiki kutu, na faida yake inaishia hapo, maana shaba inapitisha umeme vizuri kuliko dhahabu. Ukisikia muungurumo, chomeka kwanza vifaa vyote kwenye ekstensheni moja kabla ya kulaumu kebo.

5. Kebo za kidijitali: HDMI, USB na ya mwanga (optiki)

Ikifanya kazi, imefanya kazi. Ikiwa mbovu utasikia sauti inakatika au inapotea kabisa; haileti besi "laini" wala "yenye joto". Chukua ya bei ya chini iliyo imara.

Ya mkiani: waya wa umeme wa kifahari

Umeme umeshapita mita nyingi za waya wa kawaida ukutani. Hiyo mita ya mwisho haitausafisha.

Muuzaji akizidi kushikilia, mwambie abadilishe kebo wewe ukiwa umegeuka, sauti ikiwa kiwango kilekile kabisa, maana inayopanda hata kidogo sikio huiona bora. Fanyeni mara kadhaa. Ukiwa unabahatisha tu, lipia ile ya bei nafuu.