Gazania za kitalu cha barabara ya Kipushi: kiangazi zinakiweza, mvua ndiyo mtihani

Kitalu kidogo cha maua kilicho kando ya barabara ya Kipushi, hapa Lubumbashi, kinauza miche ya gazania yenye afya kuliko yote niliyoipata kwingineko mjini, na ningependa kila mwenye parseli ambayo maji ya bomba huifikia kwa shida akitembelee. Hata hivyo, maelezo anayopewa mnunuzi, kwamba gazania haiogopi jua, hayatoshi. Jua letu mmea huu unaliweza vizuri sana. Taabu yake huanza Januari, mvua inaponyesha mfululizo na udongo mwekundu ukakosa nafasi ya kukauka.

Gazania ina asili ya kusini mwa Afrika. Ni mmea wa kudumu unaokua karibu na ardhi, kwa kawaida hauzidi urefu wa sentimita 30, na maua yake mapana huwa ya manjano, ya rangi ya chungwa, mekundu, meupe au yenye mistari. Upande wa chini wa majani umefunikwa na vinyweleo vyeupe vinavyosaidia kupunguza upotevu wa maji. Uimara huo si wa kubezwa: huko Australia mmea huu umetoroka bustanini hadi ukahesabiwa miongoni mwa magugu, kwa hiyo mabaki ya miche yasitupwe ovyo porini.

Kinachokitofautisha kitalu hiki ni kwamba gazania zake hukuzwa juani tangu zikiwa changa. Wauzaji wengi huweka maua yao yote chini ya kivuli ili yapendeze machoni, kisha mnunuzi anayapanda mahali palipo wazi na majani yanaungua. Miche ya hapa ni mifupi, imeshikana, na haionekani kuvutia sana ikiwa ndani ya vifuko vyake vyeusi, lakini ikishapandwa huendelea kukua bila kushtuka. Mama anayeuza ana subira pia. Mteja mmoja alipolalamika kwamba maua yamefumba, alimjibu kwa upole: "Mama, ua hili linafuata jua, wingu likipita, litafunguka." Ni kweli, kwani gazania hufumba jioni na siku za mawingu, na hali hiyo si ugonjwa.

Kasoro kubwa iko katika udongo wa vifuko. Kitalu hutumia udongo wa kichuguu, ambao wakulima wetu wanaupenda kwa sababu una rutuba. Lakini huo ni mfinyanzi mzito unaohifadhi maji, na shingo ya gazania, pale majani yanapokutana na mizizi, huoza upesi ikikaa katika unyevu. Mnunuzi hana budi kuupukutisha udongo huo kwa uangalifu kabla ya kupanda, na kuchagua tuta lililoinuliwa, lililochanganywa mchanga mwingi wa mto. Kokoto kuzunguka shina zinafaa kuliko nyasi kavu, ambazo hugeuka sponji mvua ikinyesha. Samadi iwe kidogo sana, maana ikizidi mmea hutoa majani mengi na maua machache.

Wakati mzuri wa kununua ni mwisho wa Machi na Aprili, mvua zinapokaribia kuisha huku ardhi ikiwa bado na unyevu wa kusaidia mizizi kushuka. Miche ipishane kwa sentimita 25 hadi 30. Katika wiki za kwanza imwagiliwe kila udongo wa juu unapokauka. Baada ya kushika, kumwagilia mara moja kwa wiki, maji mengi yanayozama hadi chini, kunatosha hadi Oktoba. Maji machache ya kila jioni huifanya mizizi ibaki juu juu. Maua yaliyonyauka yakatwe pamoja na vikonyo vyake, na kichaka kinapozeeka na kuwa kigumu katikati, king'olewe, kigawanywe, kipandwe upya mvua zikielekea kuisha.

Jambo jingine ambalo kitalu kinapaswa kulirekebisha ni kuchanganya aina mbili chini ya jina moja. Ipo gazania inayotambaa, ambayo inafaa kushikilia udongo kwenye kingo za mitaro, na ipo inayokua kwa vichaka, ambayo ndiyo yenye maua ya mistari na madoa meusi. Anayetaka mpaka nadhifu wa kijia akipewa inayotambaa atakuwa akiikata kila mara. Bei ni faranga 3,000 kwa mche wa aina yoyote, na si ghali kwa mmea wa miaka kadhaa. Anayetafuta rangi maalumu aende karibu na saa sita mchana, kwa kuwa asubuhi na mapema maua yote yamefumba na vifuko havina alama yoyote inayoonyesha rangi.