Viatu Kwanza, Koti Baadaye: Mwongozo wa Mpishi wa Nairobi

Wapishi wengi wanaoanza kazi hukimbilia koti jeupe lenye jina lililodariziwa kifuani, kisha viatu vinanunuliwa kwa chenji. Geuza hesabu hiyo. Mwajiri akitoa sare, aghalabu ni koti na aproni. Viatu utajitafutia, na ndivyo utakavyosimamia toka matayarisho ya asubuhi hadi deki ya usiku.

Nimevipanga hivi, kuanzia kilicho bora.

1. Viatu vya kuchopeka vilivyofunikwa mbele, visivyo na matundu. Birkenstock Super-Birki na Crocs Bistro ndiyo mifano inayojulikana zaidi. Mafuta ya chipsi yakikumwagikia mguuni, unakivua kiatu papo hapo bila kuhangaika na kamba. Vinaoshwa kwa maji na sabuni, na Super-Birki hata kikanyagio cha ndani hutoka. Ila usichanganye na zile Crocs za matundu zinazotandazwa kwenye masoko ya Gikomba na Toi: tundu moja linatosha kupitisha mafuta. Kama stoo yenu iko chini na unashuka ngazi ukiwa umebeba gunia, tafuta chenye mkanda wa kisigino.

2. Viatu vya usalama visivyo na kamba, vyenye ncha ngumu. Tafuta kwenye maduka ya vifaa vya usalama, Eneo la Viwanda. Soma alama: EN ISO 20345 (kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama), daraja la S2, maana yake kisigino kimefungwa na sehemu ya juu inazuia maji. S3 huongeza kinga ya kuzuia msumari usitoboe soli. Huo ni uzito wa bure, jikoni misumari haitapakai sakafuni. Ukifanya kazi ya kukata nyama au kuinua masufuria makubwa, kwako hivi ndivyo namba moja.

Hapo kwenye alama tutulie kidogo. Alama ya SRC, ya kuzuia kuteleza, ilimaanisha soli imepimwa kwenye kigae chenye maji ya sabuni, na tena kwenye chuma kilichopakwa gliserini. Toleo la 2022 la kiwango hicho liliiondoa SRC. Siku hizi kipimo cha sabuni ni cha lazima, na SR huonyesha kwamba kiatu kimepita pia kigae chenye gliserini. Kwa hiyo muuzaji akikuambia SR ni SRC iliyokatwa herufi, mwache aongee. Na kwa kuwa herufi yeyote anaweza kuzichapa, bonyeza soli kwa ukucha: mpira mzuri unabonyea kisha unarudi. Mifereji yake ifike hadi ukingoni, la sivyo maji hayana pa kutokea. Kikunje kiatu pia: kinapaswa kupinda penye vidole, si katikati.

3. Gambuti nyeupe. Kwa wauza nyama wa soko la Burma na kwa waosha vyombo, sawa kabisa. Kwa anayesimama kwenye kikaango, hapana. Mafuta ya moto yakiingilia juu yanabaki humo na mguu wako, na gambuti halivuliki upesi.

4. Viatu vyeusi vya ngozi vya kamba, vya mtindo wa shule. Nadhifu mbele ya wageni, lakini soli ngumu na kigae chenye mafuta havipatani.

5. Raba za mitumba, hata zile za kamera, yaani za daraja la kwanza. Kitambaa hunywa mafuta, na soli iliyokaa miaka mingi hukauka ikapoteza mshiko. Sandali na akala sikuzipanga kabisa.

Nenda kununua alasiri, miguu ikiwa imeshavimba, umevaa soksi zako za kazini. Ziwe za pamba au sufu. Nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi.

Koti sasa. Pamba tupu ndiyo salama zaidi karibu na moto, kwa sababu poliesta nayo huyeyuka. Mchanganyiko wa poliesta 65 na pamba 35 hukauka haraka na haukunjamani, ndiyo maana umejaa madukani. Kwa mpishi wa keki au wa saladi sina neno. Kifua kiwe cha tabaka mbili, kinachoweza kufungwa upande wowote: doa likiingia, unageuza. Ukinunua kitambaa cha pamba Biashara Street ukampelekea fundi, kiloweke na kukianika kabla hakijakatwa, na umwambie mikono iwe mirefu na vifungo viwe vya kubonyeza, ili koti likishika moto ulifungue kwa mvuto mmoja.