Miezi miwili ya shule ya mbwa: Simba alirudi anajua Kifaransa

Nyota tatu kwa tano. Zingekuwa nne kama si kabuti la zamu wetu, mlinzi wa usiku, nitafika huko.

Ninawaandikia wenye shamba. Mwalimu huyu wa mbwa ana uwanja wake upande wa Annexe, hapa Lubumbashi, na wateja wake wengi ni watu wa depo, wa maduka na wa nyumba zenye ukuta mrefu. Sisi tuko njia ya Kipushi: hekta sita za mahindi, mbuzi 34, nguruwe, kuku ambao sijawahi kuwahesabu wakatulia, na mbwa wawili, Tutaona na Simba. Tutaona ni jike wa kienyeji wa miaka minne. Jina hilo alipewa na mama mkwe wangu, Nkambo, wakati wa ugomvi wa mpaka na jirani, akawa anamwita kwa sauti kila jioni. Jirani alielewa. Simba ni mwanawe, baba yake ni berger, aina ya mbwa mkubwa wa kizungu, wa kampuni moja ya karibu, aliyekata kamba usiku mmoja. Ndiyo maana alitoka mkubwa hivyo, sikio moja limesimama, la pili limelala.

Kilichotupeleka shule ni makala, yaani mkaa wa kupikia. Wauza makala wanapita kwetu kuanzia saa tisa usiku, magunia matatu au manne juu ya baiskeli moja, wanaisukuma kuliko kuipanda, wapate kuingia mjini kabla wanunuzi hawajaamka. Simba alikuwa anaruka ua na kuwafuata. Mwanzoni mwa mwezi wa tano mmoja wao alianguka, magunia mawili yakapasuka katikati ya njia, nikalipa yote mawili pamoja na dawa ya goti. Mume wangu akasema ama aende shule ama afungwe mnyororo. Mimi mnyororo siutaki. Mbwa wa mnyororo shambani ni kengele tu, na mwizi akija mara mbili anajua urefu wake.

Bei: dola 150 kwa mwezi, na gunia la kilo 25 la unga unaleta mwenyewe. Anawapikia bukari, ugali wetu, na vichwa vya kuku, nimeona sufuria kwa macho, ni safi kuliko ya watu wengine ninaowajua.

Jambo la kwanza lilinifurahisha ingawa lilinipotezea siku nzima. Alikataa kumpokea Simba kwa sababu karatasi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa imepitiliza miezi miwili. Hakutaka ahadi, hakutaka "nitakuletea kesho, papa". Turudi nyumbani. Alikuwa na haki: ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, hakuna daktari wa kuurudisha nyuma, kwa mbwa wala kwa mtu. Na mjini hapa huna kisingizio, UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ina kitivo kizima cha udaktari wa mifugo, kumpata anayejua kudunga si kazi. Ila angalia chupa inatokea wapi. Chanjo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na siku hizi za umeme wa kuja na kuondoka, ikitolewa kwenye mfuko wa shati badala ya kibuyu cha barafu, shukuru uende zako.

Simba alirudi katikati ya mwezi wa saba. Alishuka kwenye gari kama bwana harusi. Mwalimu akasema "assis", akakaa. "Couché", akalala. "Pas bouger", akaganda pale pale, kuku wakapita mbele ya pua yake. Watoto walipiga makofi. Kisha mwalimu akapanda gari akaondoka, na Nkambo, ambaye ndiye anayeshinda na mbwa tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia Simba, "Kaa chini." Simba akamtazama. "Kaa, weye!" Akatikisa mkia. Nkambo akanigeukia: "Mmemlipia asome, sasa mimi nitafute mkalimani?"

Halafu kulikuwa na jina. Mwalimu anasema jina la mbwa liwe fupi na kali, akaona Simba ni la kila mtu, akamfundisha kuitikia Rex. Hakutuuliza. Kwa wiki mbili tulikuwa na mbwa ambaye ukimwita kwa jina lake anakuangalia kama umemdai deni.

Sasa kabuti. Sehemu ya masomo ni kushika mwizi: mtu anavaa mkono mnene wa magunia yaliyoshonwa, anakimbia, mbwa anauma mkono ule na hauachi mpaka aambiwe. Kwa depo ni sawa. Lakini nyinyi mnaujua mwezi wa saba wa kwetu, alfajiri nyasi nyeupe kwa baridi, na zamu wetu ni mzee wa miaka sitini na kitu anayevaa kabuti la jeshi la zamani, mikono imejaa pamba. Usiku wa tatu alikuwa anazunguka ghala la mahindi, akainua mkono kuwasha tochi. Simba akauona mkono mnene. Hakuna damu iliyotoka, Mungu ni mkubwa, kabuti liliokoa kilicho ndani. Lakini mzee alisimama pale na mbwa ananing'inia kwenye kiwiko, anaita "Acha! Acha!", na neno ambalo Simba alikuwa anangoja lilikuwa "lâche". Mimi ndiye niliyetoka na kitenge kulisema. Tulimnunulia mzee kabuti jingine. Lile la zamani linaning'inia jikoni, na matundu manne.

Mbuzi nao. Uwanjani kwa mwalimu hakuna mbuzi hata mmoja. Simba alikaa vizuri zizi lilipofunguliwa, alikaa hadi mwanambuzi mmoja akaruka, basi shule yote ikatoka kichwani, akamfukuza mpaka kwenye shimo la maji. Mama yake, Tutaona, ambaye hajawahi kusikia neno la Kifaransa, alikuja akamkata njia kwa bega.

Hapa nitakuwa mkweli, kosa hili nusu ni letu. Tutaona alizaliwa nyuma ya zizi, chini ya kichuguu, akafungua macho anaona mbuzi. Simba alilelewa jikoni na wanangu, mbuzi kwake ni mpira wenye miguu. Kule Namibia tangu 1994 kuna wafugaji wanaopewa mbwa wa Anatolia, asili yake Uturuki, wakinge mbuzi dhidi ya duma, na kazi yenyewe haianzi kwa amri yoyote. Mtoto wa mbwa anaingizwa zizini akiwa na wiki nane au zaidi kidogo, analala na mbuzi, anakula karibu yao, akikua anawahesabu kuwa ni watu wake. Umri huo ukishapita, unachofundisha ni kujizuia tu. Mwalimu angeweza kuniambia hivyo siku ya kwanza badala ya kupokea dola zangu kwa ahadi ya "mbwa wa kila kazi".

Na funza. Siku ya nne nyumbani Nkambo alimlaza chali na kukuta uvimbe tumboni, kila mmoja na kitundu katikati kama ncha ya kalamu. Ni wale veterineri anawaita ver de Cayor, nzi anataga kwenye mchanga wenye mkojo, mbwa akilalia, funza anaingia ngozini. Tulipaka vazelini nene juu ya vitundu, tukasubiri wakose hewa, wakajitokeza kuchungulia, Nkambo akaminya kwa vidole viwili. Kumi na mmoja. Simba alilala kimya wakati wote, masikini, pengine "pas bouger" ilisaidia hapo. Nilipompigia mwalimu alisema wametoka shambani kwangu. Huenda. Lakini vibanda vyake vina mchanga chini, si saruji wala mbao, na mchanga ule hakuna niliyemwona akiubadilisha.

Sasa, kwa nini hata hivyo nyota tatu? Kwanza, watu wa makala wanapita. Simba anasimama kwenye ua, anabweka mara mbili tatu kujulisha, basi. Hajaruka tangu arudi. Hicho ndicho nilichoenda kununua na nimekipata. Pili, hali chakula asichopewa na mtu wa nyumbani. Mwalimu alimfundisha kwa nyama iliyopakwa pilipili, imetupwa na wageni tofauti, wiki nzima, asubuhi na usiku. Mwezi wa nane tulikuta kichwa cha samaki kikubwa ndani ya ua upande wa ghala, ambako hakuna anayekula samaki, na Simba amekaa hatua mbili kutoka pale anabweka kuelekea nyumbani. Sijui kilikuwa na nini ndani. Tulikizika. Tutaona siku hiyo alikuwa amefungiwa na watoto wake wapya, na nikikumbuka hilo naacha kulalamika juu ya bei.

Mwalimu aliahidi kuja shambani mara mbili, alikuja mara moja na kudai pesa ya mafuta. Lakini siku hiyo moja ilizidi wiki nyingi za uwanjani. Alikaa na Nkambo kwenye kigoda, akamwachia yeye aamuru kwa Kiswahili chake, neno la Kifaransa likifuata nyuma, hadi Simba akaanza kukaa kwa "kaa" peke yake. Akamfunga kwa kamba ndefu kando ya zizi, apewe bukari yake pale pale kila siku mbuzi wakiingia. Sasa wanaingia, yeye anakula, hainui kichwa.

Watoto wa Tutaona ni watatu, wako zizini tangu wafungue macho. Mmoja atakwenda kwa mwalimu akifika miezi sita, kwa mwezi mmoja tu: kukataa chakula na kuwaacha wapita njia. Ule mkono wa magunia nimeshamwambia sitaki hata akauone. Maneno yote yatakuwa ya Kiswahili, nimeyaandika kwenye karatasi, na jina halibadilishwi.

Ukienda, nenda Jumamosi asubuhi kabla ya wenye depo kufika, na vaa viatu usivyovipenda. Mvua ikishaanza, uwanja ule wote ni tope jekundu, nao mbwa wamefundishwa mengi lakini si kutokuruka juu ya mgeni.