Mizani ya kioo niliyonunua Makoroboi, Mwanza, mwezi mmoja baadaye

Jamani hii mizani ya betri nimeichukua Makoroboi elfu thelathini na tano baada ya kubembeleza sana, na wiki ya kwanza nusura niitupe ziwani. Jumatatu nilikuwa kilo 91.2, Jumanne 90.4 nikaanza kujisifu, Jumatano 92! Nikarudi dukani nimevimba, kaka wa pale akacheka, "dada jana ulikula nini?" nikakumbuka dagaa wa chumvi na ugali bonge kule Kirumba… Kumbe chumvi inashika maji mwilini, na wanga ukihifadhiwa kila gramu inabeba maji kama gramu 3 hivi, na zile siku zetu nazo zinaongeza, si mafuta hayo. Nikapandisha kiroba cha mchele cha kilo 25 mara tatu, namba ileile, basi mizani haina kosa.

Siku hizi napima asubuhi tu nikitoka chooni kabla ya chai, halafu nachukua wastani wa wiki: 91.3, 90.9, 90.9, 90.2. Hiyo ya tatu iliniuma acha tu.

Ubaya wake ukiiweka kwenye zulia inadanganya, na betri zake zile za duara kuzipata Nyegezi ni kazi. Nyota nne.