Vidonge vya lektini vya "kulinda kongosho": nyota mbili, na hizo mbili ni za kopo

Kaka yangu aliwahi kulazwa kwa kongosho kuvimba ghafla, na aliyewahi kuuguza mtu wa hivyo anajua yale maumivu yakoje, kwa hiyo ndugu mmoja kwa nia njema kabisa akamletea kopo la vidonge vya unga wa maharage limeandikwa "lektini za mimea, imethibitishwa kulinda kongosho". Kampuni siitaji. Kaka akasema hamezi hata kimoja mpaka nikague, nimekagua, review yangu ndiyo hii.

Tuwape haki yao kwanza. Kopo limezibwa vizuri, tarehe ya mwisho ipo, namba ya bechi ipo, vidonge havivunjiki. Halafu hii habari ya lektini haijatungwa hewani. Lektini ni protini zinazonasa sukari zilizoko juu ya seli, wanasayansi wanazifuatilia tangu 1888 Stillmark alipoona protini ya mbegu za mbarika inashikamanisha chembe nyekundu za damu. Na majaribio ya wanyama ya kinga dhidi ya kongosho kuvimba yapo kweli.

Ila someni jinsi yanavyofanyika. Panya anachomwa seruleini, kitu kilichopatikana mwanzo kwenye ngozi ya chura wa Australia, kinachofanana kikazi na kolesistokinini, ile homoni ambayo utumbo unaitoa ukishakula ili kongosho limwage vimeng'enya. Dozi ikizidi sana seli zinaelemewa, tripsini, kimeng'enya cha kuyeyusha protini, inaamka humo humo ndani ya seli badala ya kusubiri ifike utumboni, kongosho linaanza kujimeng'enya lenyewe, linajaa maji, na vimeng'enya vyake, amilasi na lipasi, vinapanda kwenye damu. Panya aliyepewa lektini fulani iliyosafishwa, kwa dozi iliyopimwa, akionekana ana uvimbe mdogo na amilasi haijapanda sana, wanasema lektini imelinda. Neno la kwenye kopo limetoka hapo.

Sasa swali langu kwa kampuni, LEKTINI IPI? Maana lektini siyo kitu kimoja jamani. Ile ya kiini cha ngano, kwenye seli za kongosho la panya maabara, inazuia kolesistokinini isishike vizuri kwenye vipokezi vyake, kwa hiyo inapunguza ile amri ya kumwaga vimeng'enya, hapo unaweza kuelewa wazo la kinga linatoka wapi. Lakini lektini ya maharage mekundu ni habari tofauti kabisa. Utafiti wa 1997 wa wanasayansi kina Herzig na Pusztai ulionyesha panya wakiipata kupitia tumboni, kolesistokinini inapanda kwenye damu na kongosho lenyewe linakua. Yaani inabonyeza kitufe kile kile ambacho seruleini inakibonyeza! Na lebo ya hili kopo inasema tu "maharage", haisemi aina, haisemi miligramu ngapi za lektini, haisemi imepimwaje. Mtu ambaye kongosho lake limeshaumia unampa kitu kama hicho kwa msingi gani?

Kuna na suala la moto. Lektini ya maharage mekundu inakufa ukiyaloweka na kuyachemsha vizuri, maji yakitokota kwelikweli si chini ya dakika 10, ndiyo maana maharage yaliyoiva tunakula bila shida na siyatii doa hata kidogo. Ila mabichi, punje nne au tano tu zinatosha kukutapisha na kukuharisha. Kwa hiyo kama huu unga umepikwa, lektini wanayoitangaza haipo tena. Kama haujapikwa, basi wanauza kitu cha kuumiza tumbo, na mgonjwa atashindwa kujua haya maumivu ni ya vidonge au kongosho limerudi. Nimesoma lebo pande zote, hakuna sehemu wameandika unga umeandaliwaje.

Na hata tukichukulia wamepata lektini sahihi, kongosho la panya wa seruleini mara nyingi linavimba kwa wastani tu na linapona lenyewe, na mtafiti anajua saa ambayo ugonjwa unaanza kwa sababu anauanzisha yeye. Binadamu anafika hospitali keshaanza kuumwa, na chanzo mara nyingi ni mawe ya kwenye kifuko cha nyongo au pombe, wengine mafuta kuzidi sana kwenye damu. Kidonge cha maharage hakitoi jiwe. Kaka alitibiwa kwa maji ya dripu, dawa za maumivu na kurudishwa kula mapema alipoweza, chanzo kikatafutwa, na hayo ndiyo yanayofanya kazi mpaka leo.

Nimewaandikia wauzaji wanitajie aina ya lektini, kiasi chake kwa kidonge na kama unga umepashwa moto, wakanijibu kwamba bidhaa ni ya asili asilimia 100. Mbarika nao ni wa asili, na risini, ile sumu kali, inatoka humo. Wakijibu hayo matatu kwa maandishi nitarudi kubadilisha nyota, kwa sasa kopo nimemrudishia ndugu yetu na kumweleza taratibu, na wewe kama una historia ya kongosho usianze hiki kitu kabla daktari wako hajaiona lebo.